Hama kwa Jumla, Hakiki kwa Rejareja



Leo sitozungumzia wadudu wala mvua. Nataka kukusimulieni jinsi nilivyoihamisha tovuti hii kutoka mfumo mmoja kwenda mwengine, na namna alama moja ndogo iliyoharibika njiani ilivyounguza miche 140 ya tungule ya mzee mmoja wa upande wa Kengeja. Kosa lilikuwa langu. Nalieleza kwa sababu siku hizi kila mmoja wetu anahamisha kitu: mwenye duka anatoa madeni kwenye daftari anayaweka kwenye simu, mkulima ananunua simu mpya na namba zote zimo kwenye ile ya zamani. Kosa langu linaweza kuwa lako kesho.

Nianze na mfumo wenyewe. Tovuti ni kama duka. Bidhaa ni zako, yaani maandishi na picha, lakini rafu, milango na daftari la kuonyesha kipi kimewekwa wapi vimetengenezwa na watu wengine. Hizo rafu ndizo mfumo wa kuendeshea tovuti. Rafu zangu za mwanzo zilikuwa za mfumo uitwao Joomla.

Jina hilo ni letu. Mwaka 2005 wataalamu waliokuwa wakitengeneza mfumo ulioitwa Mambo walikosana na kampuni ya Australia iliyoumiliki. Wakatoka, na mwezi wa Septemba mwaka huo wakauita mfumo wao mpya Joomla, yaani neno la Kiswahili "jumla" lililoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Wao walitaka maana ya "wote kwa pamoja". Kwetu Mtambile, ukisema jumla mbele ya mwenye duka, anakuuliza unataka gunia ngapi.

Nilikuwa natumia toleo la tatu. Toleo hilo lilifika mwisho wa huduma tarehe 17 Agosti 2023. Maana yake, watengenezaji hawakutoa tena viraka vya usalama. Tovuti haizimiki siku hiyo, lakini ni sawa na mlango ambao kitasa chake kikiharibika hakuna tena fundi wa kukitengeneza. Ningeweza kupanda toleo jipya la Joomla ile ile, na kuna wengi waliofanya hivyo wakabaki salama. Mimi niliamua kuhamia WordPress, mfumo ulioanza mwaka 2003, kwa sababu vijana walio karibu nami wanaoujua ni wengi zaidi, na mtu akinisaidia napenda awe wa kumfikia kwa miguu.

Nilifanya kazi hiyo usiku, bando likiwa la bei nafuu. Kwanza nilichukua nakala ya kila kitu nikaiweka kwenye flashi. Halafu nikatumia programu ya kuhamishia, inayotoa makala kwenye ghala la mfumo wa zamani na kuzipanga kwenye ule mpya. Nilikuwa na makala 214. Asubuhi nilihesabu upande wa pili, nikakuta 214. Nikashukuru Mungu, nikanywa chai kwa raha zangu. Hapo ndipo nilipokosea, lakini sikujua.

Matatizo ya mwanzo yalionekana kwa macho. La kwanza lilikuwa la ng'ombe. Kila palipokuwa na neno hilo, paliandikwa "ngâ€™ombe". Sababu yake ni hii: kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba, na kila namba ina herufi yake kwenye orodha fulani. Ile alama ya juu katika ng'ombe nilikuwa nimeiandika kwa mtindo uliopinda, na mtindo huo huhifadhiwa kwa namba tatu zinazokwenda pamoja. Mfumo wa pili ukizisoma kwa orodha nyengine, unaona herufi tatu za ajabu. Ng'ombe wangu wote wakawa wamevunjika shingo.

La pili lilikuwa la picha. Joomla huweka picha kwenye folda moja kubwa, wakati WordPress huzipanga kwa mwaka na mwezi. Makala nyengine zikabaki na mraba mtupu pale palipokuwa na picha ya jani lenye ugonjwa.

La tatu lilikuwa la anwani. Makala ya mwani ilikuwa na anwani yake ya zamani, na akina mama wa pwani walikuwa wamekwisha kutumiana anwani hiyo kwenye WhatsApp. Nilipohama, aliyeibonyeza alikuta maandishi ya "404", yaani ukurasa haupo. Dawa yake ni kuweka elekezo: unauambia mfumo kwamba atakayegonga mlango wa zamani apelekwe kwenye mpya moja kwa moja. Namba ya elekezo la kudumu ni 301. Ni sawa na kuhamisha genge lako ng'ambo ya barabara, ukabandika kibao pale ulipotoka. Anayehama bila kibao asilalamike kwamba wateja wamemkimbia.

Nilitengeneza anwani na picha kwa siku nne. Kwa ng'ombe nilifanya njia ya mkato. Nilipata programu ndogo ya kusafisha maandishi, inayopita kwenye makala zote na kubadilisha kila alama isiyo ya kawaida kuwa ya kawaida. Nikaiendesha mara moja tu. Ng'ombe wakapona wote. Nikafunga kompyuta.

Mwezi wa Oktoba nilipigiwa simu na bibi mmoja mwenye duka hapa Mtambile. Yeye huuza mbolea kwa kilo, na kila anayekopa humuandika daftarini na kitu alichokwenda kufanyia. Akaniambia, "Mwanangu, hebu nikuulize. Siku hizi tungule zinakula mbolea kama watu wanavyokula wali?"

Nikamwambia, "Kwa nini bibi?"

"Kuna mzee wangu hapa alichukua kilo tatu za DAP, akanambia ni za miche 300. Hesabu yake naijua, zinatosha na kubaki. Juzi karudi amechukua sita nyengine, za mkopo. Nimemuuliza, kasema ndivyo ulivyoandika wewe."

Nilimwambia sijaandika hivyo. Nikafungua makala ya tungule kwenye simu kumsomea. Mimi najua nilichoandika: kijiko cha chai 1½ kwa kila shimo, uchanganye na udongo kabla ya kutia mche. Lakini kwenye simu yangu paliandikwa: "kijiko cha chai 11/2 kwa kila shimo".

Ile programu ya kusafisha iliiona alama ya nusu, ½, kuwa si ya kawaida. Ikaivunja ikawa 1/2, ikaibandika ubavuni mwa moja iliyokuwa mbele yake, bila nafasi. Dawa ya ng'ombe ikawa sumu ya tungule.

Nilipanda pikipiki hadi kwa mzee. Nilimkuta kitako pembeni ya shamba. Mjukuu wake, anayesoma skuli, ndiye aliyemsomea makala. Walikuwa wameitazama 11/2 wakaifikiri sana, na mwisho wakakubaliana kwamba ni vijiko 11 kwa mashimo mawili, yaani vitano na nusu kwa shimo moja. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua karibu gramu tano. Badala ya gramu saba na nusu, kila shimo lilitiwa zaidi ya gramu 27. Kilo tatu za mwanzo ziliishia kwenye mashimo kama mia moja, ndiyo maana alirudi dukani.

DAP ina naitrojeni asilimia 18 na fosfeti asilimia 46. Ni mbolea nzuri ya kupandia, lakini ikiwa nyingi karibu na mzizi mchanga, ile chumvi na amonia yake huunguza. Mche unanyauka juu ya udongo ulio maji, majani yanaanza kukauka ukingoni. Ndivyo ilivyokuwa. Mzee alikuwa amekwisha kupanda miche 180, na 120 ilikuwa bado kitaluni. Tulianza kung'oa siku ile ile, tukasafisha mizizi kwa maji, tukatoa ule udongo wenye mbolea, tukarudishia mwengine. Katika 180, iliyopona ni 40.

Niliomba radhi mbele ya mjukuu wake, nikaeleza kwamba kijana hakusoma vibaya, alisoma kilichoandikwa. Mzee akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Nilijua vijiko vitano na nusu ni vingi. Miaka yote nalima. Lakini nikasema, bwana shamba hakosei."

Neno hilo limenikaa mpaka leo. Angekuwa hajaniamini, miche yake ingepona.

Deni la zile kilo sita nilikwenda kulilipa mwenyewe dukani, na miche 140 nilimpa kutoka kwenye kitalu changu. Wiki alizopoteza sikuweza kumrudishia. Tungule zake zilifika sokoni wakati wenzake wamekwisha kuuza na bei imeshuka.

Nilirudi nikazisoma makala zote 214, moja baada ya moja, nikiwa na nakala ya zamani ubavuni. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu. Nilikuta alama ya nusu na ya robo imeharibika katika makala tisa, mojawapo ikiwa ya kipimo cha dawa ya kupulizia. Nashukuru hiyo hakuna aliyeitumia, kwa nilivyouliza.

Sasa nikupeni nilichojifunza, kwa anayehamisha tovuti, daftari au simu.

Kwanza, nakala ya zamani isifutwe mapema. Mimi nilipona kwa ile flashi. Bila ya hiyo nisingejua palikuwa pameandikwa nini. Iweke hadi upite msimu mzima, kwa sababu kuna makala, na kuna wadeni, wanaoonekana mara moja tu kwa mwaka.

Pili, kuhesabu vichwa hakutoshi. Makala zangu zilikuwa 214 huku na 214 kule, na bado sumu ilikuwemo. Anayechuma karafuu analijua hili. Unaweza kuhesabu mapakacha yaliyotoka shambani na mapakacha yaliyofika nyumbani yakawa sawa, lakini usipotia mkono ndani hujui kama zimo karafuu tupu au na makonyo. Hamisha kwa jumla ukitaka, lakini hakiki kwa rejareja, hasa penye tarakimu: vipimo, bei, tarehe, namba za simu.

Tatu, kila unapopitisha dawa ya jumla, hakiki upya. Mimi nilihakiki baada ya kuhama, lakini sikuhakiki baada ya kusafisha. Kosa liliingia kwenye mlango wa pili.

Nne, andika vipimo kwa maneno. Siku hizi siandiki 1½. Naandika "kijiko kimoja na nusu", na mbele yake naongeza hesabu ya kujaribia: "miche 300 itakula kilo mbili na robo". Mtu akisoma vibaya sehemu moja, ya pili itamzuia. Wewe mwenye duka fanya hivyo hivyo kwenye deni: andika elfu kumi na tano kwa maneno, karibu na 15,000. Sifuri moja ikipotea njiani, maneno yatashuhudia.

Tano, mpe mtu mwengine akusomee. Macho yangu yalikuwa yanasoma nilichokusudia badala ya kilichopo. Sasa kila makala yenye kipimo inasomwa kwanza na kijana mmoja wa skuli, kwa sauti, na mimi nikisikiliza. Akikwama, nabadilisha.

La sita ni lenu nyinyi wasomaji. Nikiandika kitu ambacho mkono wako wa miaka thelathini unakataa, usikifuate. Nipigie, au mtume mtoto. Yule bibi wa dukani hakusoma tovuti hata mara moja. Aliangalia daftari lake, akaona kilo tatu zimekuwa tisa, akauliza. Asingeuliza, na ile miche 120 ya kitaluni ingekufa pia.

Nilipopita Kengeja msimu uliofuata, mzee alikuwa anatia mbolea. Mjukuu alishika simu, na mzee alikuwa na kijiko mkononi. Aliponiona akacheka, akaniita, "Bwana shamba, njoo. Kimoja na nusu, au leo kuna jengine?"

Nikamjibu, "Kimoja na nusu, babu. Na ukiona nimeandika vyengine, nipigie kabla hujachota."

Tukutane shambani, inshaallah.