Nguvu na Utulivu Ziwani

Watu wengi hudhani kuwa mwili na moyo ni wanafunzi wa shule mbili mbalimbali. Mwili hupelekwa uwanjani ukakimbizwa na kubebeshwa vyuma. Moyo huachwa nyumbani mpaka upatwe na mashaka. Siku hizi wako walimu wa mazoezi ya viungo ambao huwataka wanafunzi wao wakae kimya na kuisikiliza pumzi kabla ya kuinua chochote, na jambo hili husifiwa kama uvumbuzi. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika si geni hata kidogo, ijapokuwa halikupewa jina.

Kazi ya lusenga ni ushahidi. Lusenga ni wavu mfano wa kijiko kikubwa, uliofungwa katika mti mrefu, ambao wavuvi wa zamani waliutumia kuchota dagaa. Usiku wa giza moto uliwashwa kichwani mwa mtumbwi, na baadaye karabai, nao dagaa wakapanda kuufuata mwanga. Mvuvi alisimama wima katika chombo chembamba, juu ya ziwa lenye kina kirefu kuliko maziwa yote ya Afrika, mita 1,470 hivi penye kina kikubwa kabisa. Alitakiwa kungoja. Magoti yaliyolegea yalipokea kila wimbi, macho hayakubanduka majini, na mikono ilikaa tayari bila kukakamaa. Kisha ghafula nguvu zote za mgongo zilihitajiwa kwa pamoja, wavu uzame na kuinuka umejaa. Mwenye misuli mikubwa na mawazo ya kutangatanga aliyumbisha chombo. Mwenye utulivu mwingi na mgongo dhaifu alirudi na kapu tupu.

Mwezi ulipokuwa mpevu kazi ilisimama, maana mwanga wa taa hushindwa na mbalamwezi. Nyavu zilishonwa, na watu wakalala. Mwalimu wa leo huwahimiza wanafunzi wapumzike, nao hawamsikii. Mwezi ulisikilizwa na wote.

Lakini ni hatari kuisifu shida kwa sababu ilizaa adabu njema. Mvuvi hakutafuta utulivu. Alitafuta kitoweo na fedha. Mwaka 2024 Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaane, mapumziko yalikuwa marefu kuliko yale ya mwezi mpevu, na sababu yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo, kupumzika bila riziki si kupumzika. Na wapagazi wa karne ya 19 waliotoka Bagamoyo mpaka Ujiji, wengine wakibeba mizigo ya frasila mbili, kiasi cha kilo 32, nao walikuwa na wimbo wa kuwapa hatua moja na pumzi moja. Wimbo haukuwapa haki. Jumba la kumbukumbu la Ujiji hukumbusha jinsi Stanley alivyokutana na Livingstone mwaka 1871. Vichwa vilivyoifikisha mizigo hapo havikumbukwi sana.

Pengine mfano ulio karibu zaidi na mwanafunzi wa leo ni wa mtu aliyechagua mwenyewe. Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini mwa Kigoma, Julai 1960. Sokwe walimkimbia. Siku baada ya siku alipanda vilima vikali vinavyoinuka kutoka ufukoni, akaketi mahali palipo wazi na darubini yake, mavazi yake yakiwa ya rangi zisizotisha, asimfukuzie mnyama yeyote. Kupanda kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kukaa bila kudai kitu, na bila shaka hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa kuwa miguu huzoea mlima upesi kuliko moyo unavyozoea kungoja. Miezi ikapita hivyo. Kabla ya mwaka kwisha, sokwe mmoja ambaye alimwita David Greybeard alionekana kando ya kichuguu, akiingiza bua la nyasi tunduni, akilitoa taratibu, na kula mchwa walionaswa.