Zege la Usiku

Saiti waliniita Simba, na jina lenyewe nililipenda. Niliamini mafundi wakikuogopa, kazi inakwenda.

Tulikuwa Dodoma, jengo la ghorofa tatu, tumechelewa wiki mbili. Zege la nguzo tulianza kulimwaga saa moja asubuhi. Saa nne usiku mashine ilikuwa bado inazunguka. Watu wamechoka, mikono haishiki tena ndoo. Mmoja akaongeza maji ili zege lilainike. Kijana wa mashine aliona, fundi mkuu aliona. Mimi nilikuwa pembeni nafoka kwenye simu.

Kyubu za zege hilo tulizopeleka maabara kupimwa uimara zilifeli siku ya 7, zikafeli tena siku ya 28. Tukavunja nguzo sita. Nikamwita yule kijana, nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akaangalia viatu vyake.

"Injinia, yule fundi tunayemwita Mzee aliposema mirunda haitoshi, ulimwambia arudi kwao akalime. Mimi nina mtoto."

Maneno hayo nilikuwa nimeshayasahau. Wao hawakuyasahau.

Sitadanganya kwamba nilibadilika siku ileile. Nililala na hasira zangu. Wiki iliyofuata ndipo nilipomwomba Mzee radhi, mbele ya walewale waliosikia nikimtukana. Tukaanzisha daftari: kila asubuhi, dakika kumi, tunataja kilichoharibika jana, na ninaanza mimi. Wiki mbili nzima nilisema peke yangu, kama mwendawazimu. Kisha Mzee akasema lake, na wengine wakafuata.

Mwezi wa pili daftari likajaa, mkandarasi akaja juu: mbona makosa yameongezeka? Nikamweleza habari ya Amy Edmondson wa Harvard, aliyechunguza makosa ya dawa katika hospitali za Marekani miaka ya 1990, akakuta timu zenye maelewano ndizo zinazoripoti makosa mengi zaidi. Si kwamba walikosea zaidi, hawakuficha. Mkandarasi hakushawishika sana, ila aliniacha.

Siku hizi zege halianzwi kama halitaisha kabla ya giza. Ratiba haikunihurumia kwa hilo, lakini kuvunja nguzo sita kulikula siku nyingi zaidi.

Kijana wa mashine ana ruhusa ya kuizima bila kuniuliza. Ameizima mara mbili. Mara ya pili alikosea, mchanganyiko ulikuwa sawasawa, tukapoteza nusu saa. Nilijing'ata ulimi, nikamshukuru.