Kuni na Wali wa Mwea

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Embu hupita Makutano, kisha huingia katika uwanda wa Mwea, ambako mashamba ya mpunga yameenea pande zote mbili za barabara. Maji yake hutoka katika mito ya Thiba na Nyamindi. Mifereji ilianza kuchimbwa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini. Baadaye jamaa wasio na ardhi walihamia huko kutoka vilimani, na kila jamaa ikapewa eka 4 za mpunga.

Wanaume walihesabu magunia. Wake zao walitazama jiko. Huko walikotoka, mahindi, maharagwe na kuni vilipatikana karibu na nyumba. Udongo mweusi wa Mwea hushika maji; mpunga husitawi, bali maharagwe huoza. Miti ilikuwa haba, na mabua ya mpunga huzimika kabla chungu hakijachemka, hali githeri hutaka moto wa saa nyingi. Hivyo mama wa nyumba alikwenda mbali kutafuta kuni, au aliuza sehemu ya mpunga wa chakula apate kununua kuni na maharagwe. Wali ukawa chakula cha kila siku, na watoto wakauzoea upesi kuliko wazee wao.

Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayewapa watu makao mapya na apime kuni kama apimavyo maji.