Okidi Haitaki Udongo: Dirisha la Leeds na Miti ya Endebess

Hapa Leeds okidi inauzwa supamaketi, pamoja na mikate na magazeti. Kwa pauni kumi hivi unaondoka na Phalaenopsis iliyochanua tayari, ua lenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambalo mara nyingi limekuzwa kwenye mabanda ya vioo ya Uholanzi. Kwetu Endebess, chini ya Mlima Elgon, okidi hainunuliwi. Imekaa juu ya mti, na wengi hupita chini yake wakienda shamba la mahindi bila kuinua macho. Penye miti hapana wajenzi.

Nimelea okidi za dirishani miaka mingi sasa, na kila nikizidi kuzijua naona kwamba jasho lote tunalotoa huku ni la kuiga kile ambacho Endebess inapewa bure.

Tuanze na chungu. Okidi hizi hazipandwi kwenye udongo. Huwekwa katika vipande vya magome ya msonobari, ndani ya chungu cha plastiki kinachopitisha mwanga, kwa sababu kwao porini huishi juu ya matawi. Haziunyonyi mti, zinaushikilia tu ili zipate mwanga na hewa. Utazame mzizi kwa karibu: ukiwa mkavu una rangi ya fedha, maana umevikwa ngozi nene inayofyonza maji kama sifongo. Uloweshe, na baada ya muda mfupi unageuka kijani ukiuona. Mimi humwagilia kwa kufuata rangi hiyo: ikiwa fedha, natia maji; ikiwa kijani, nasubiri.

Majira ya baridi, hita hukausha hewa ya nyumba, hivyo watu huweka sahani ya kokoto na maji chini ya chungu. Penye maji ya bomba yenye chokaa nyingi, hukinga ya mvua. Maua yakipukutika, wengi hutupa mmea mzima, ilhali bua likikatwa juu kidogo ya kifundo huweza kuchanua tena.

Endebess haihitaji sahani wala hita. Ukungu hushuka mlimani asubuhi, mvua huanza Machi au Aprili, upepo hukausha mizizi kabla haijaoza, na kiangazi cha Desemba hadi Februari huipa mimea mapumziko. Tatizo huanza mtu anapoishusha okidi mtini na kuipanda kwenye kopo la udongo, kama anavyopanda waridi. Mizizi hukosa hewa, huoza, na mwenyewe husema ua hili halina bahati.

Tawi likianguka shambani kwako na okidi zake, zifunge kwenye mti ulio hai kwa kamba ya katani au kitambaa, upande usiochomwa na jua la mchana. Jakaranda inafaa, mkaratusi haufai, kwa kuwa hubambuka magome. Mama yangu alifanya hivyo mvua zilipoanza. Mizizi mipya yenye ncha za kijani ililishika gome kiasi kwamba huwezi kuibandua bila kuichana.

Malipo yake huja usiku. Okidi za jamii ya Aerangis, zenye maua meupe, hunukia giza linapoingia, na nekta yake imo ndani kabisa ya mrija mwembamba mrefu. Utafiti wa Dino Martins na Steven Johnson, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba okidi za aina hii nchini Kenya huchavushwa na nondo wakubwa wenye ulimi mrefu. Mmoja wa nondo hao ni Agrius convolvuli, ambaye kiwavi wake tunamjua vizuri: hula majani ya viazi vitamu.

Lakini zile za msituni tusiziguse. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na porini haioti bila msaada wa kuvu. Mmea mmoja hungoja miaka kabla ya kuchanua. Mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, unasimamia biashara ya kimataifa ya jamii yote ya okidi.

Kama kuna jambo la kuiga Ulaya, basi tuige maabara yao, chungu cha plastiki tuwaachie. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu za okidi huweza kuota ndani ya chupa yenye sukari, bila kuvu. Wakulima wa Kenya tayari wanapanda migomba iliyozalishwa maabara. Vijana wanaouza miche Kitale nao wanaweza, wakipata vibali na mafunzo, kuuza okidi za kwetu zilizokuzwa chupani, na kila moja itakayouzwa hivyo itaondoa sababu ya kung'oa nyingine mlimani.

Hadi hapo, ombi langu kwa jamaa wa Endebess ni dogo: kabla hujawasha msumeno, kagua matawi. Ukikuta okidi, zihamishie mti mwingine wiki hiyo hiyo.