Pole na Mlingoti

Maneno ya lugha mbili yakivaa herufi zilezile, msomaji huteleza. Binti wa kaka yangu, anayeishi na kufanya kazi Uingereza, aliniandikia jioni moja: "Shangazi, nimetoka pole sasa hivi, mwili wote unauma." Nilisoma mara mbili. Katika Kiswahili nilichokifundisha kwa zaidi ya miaka 30, mtu hatoki pole. Mtu hupewa pole. Kumbe alikuwa ametoka kwenye mazoezi ya dansi ya mlingoti, na Waingereza huuita mlingoti huo kwa neno linaloandikwa sawasawa na pole yetu, ingawa matamshi ni mengine. Nilicheka peke yangu sebuleni. Kisha nikasoma sentensi iliyofuata: mkono wake wa kulia ulikuwa umeshindwa kushika kikombe cha chai.

Kwa wasioifahamu dansi hiyo, mlingoti wa chuma husimikwa kuanzia sakafuni hadi darini. Mchezaji huukwea, huuzunguka, na huning'inia kichwa chini akiwa ameushika kwa paja, kwa kwapa au kwa kunjo la kiwiko. Nguo huwa fupi kwa sababu ngozi ndiyo inayoshika chuma, kitambaa huteleza. Ndiyo maana mapaja ya wanaojifunza hujaa vilio vya damu, na viganja vyao huota sugu kama vya mlima jembe. Watu wengi, kaka yangu akiwa mmojawapo, wanaijua dansi hii kwa sifa ya vilabu vya usiku, na ni kweli kwamba imepitia huko. Lakini huko Maharashtra, India, wanamieleka wamejinoa kwa vizazi kadhaa kwa mallakhamb, sarakasi zinazofanyika juu ya nguzo ya mti iliyopakwa mafuta ya mbarika. Na mwaka 2017 shirikisho la kimataifa la michezo ya mlingoti lilipewa hadhi ya mwangalizi katika muungano wa mashirikisho ya michezo duniani. Kiswahili chenyewe kina kitenzi ambacho leo hakisikiki sana: kuparaga, yaani kukwea mti kwa kuukumbatia kwa mikono na miguu. Utotoni mwetu Rungwe tuliparaga miti kila siku.

Kaka aliiona picha ya bintiye kwenye simu ya mtu mwingine. Alinipigia usiku. Kwa desturi yetu mambo ya namna hiyo hupitia kwa shangazi, naye alitaka nimkanye binti aache mara moja. Sikumwahidi lolote. Nilikuwa nawaza ule mkono.

Nilipompigia binti, nilimhoji kama ninavyojua kuhoji wanafunzi wanaoficha jambo: polepole, kwa maswali madogo. Anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Huwanyanyua, huwageuza, huwaosha. Akitoka zamu huenda mlingotini, jioni tano kwa juma, kwa sababu kuna mashindano anayoyalenga. Usiku hulala saa tano, pengine nne. Nikamuuliza kwa nini miezi yote hiyo hakumwambia yeyote nyumbani kwamba amechoka. Akajibu: "Shangazi, nikisema nimechoka, mtaniuliza nimechoshwa na nini."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi, na ndilo lililonifanya niandike makala haya katika ukumbi wa watu wanaopenda maneno. Maana pole, nijuavyo mimi, haiulizi chanzo. Mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mti wa jirani alikokuwa akiiba matunda hupewa pole kwanza, bakora baadaye. Mlevi aliyejikwaa hupewa pole. Pole na kazi, pole na safari, pole na msiba, pole na foleni: neno halipimi kama safari ilikuwa ya lazima wala kama kazi ni ya heshima. Linautazama mwili uliobeba. Binti yetu alikuwa amebeba mzigo ambao familia yake inauonea haya, hivyo akajinyima hata neno ambalo mgeni asiyemjua kabisa angempa kituo cha basi.

Nililifuata neno hilo nyuma. Pole, mpole, polepole, poa, poza: masikio yanatosha kuonyesha kwamba hawa ni wa ukoo mmoja. Kiswahili kimezoea kuiangusha l iliyo katikati ya irabu, na katika poa imeanguka, ilhali katika pole imebaki. Ukivuka mpaka pale Tunduma ukakutana na Wabemba wa Zambia, utawasikia wakisema pola kwa maana ya kupata nafuu; Wachewa nao husema hivyohivyo kwa kidonda kilichofunga. Kwa hiyo kupoa hakukuanza kama lugha ya vijana wa mitaani. Ni neno la kale la mwili uliowaka ukarudi katika hali yake. Ndiyo maana Mtanzania akipewa pole hujibu, "Asante, nimeshapoa." Jibu hilo lina sarufi kamili: pole ni ya msemaji, kupoa ni kwa mwenye kuumia, na mzizi ni mmoja. Sijui lugha nyingi, lakini katika hizi chache sijaona nyingine inayogawa tiba kati ya watu wawili namna hii.

Pamoja na hayo, kizazi changu hakikulelewa kupoa. Nilikuwa na miaka 11 TANU ilipotoa tamko la Siasa ni Kilimo pale Iringa, mwaka 1972. Miaka miwili baadaye, baada ya ukame na upungufu wa chakula, likaja agizo la Kilimo cha Kufa na Kupona. Tuliimba maneno hayo tukienda shamba la shule, majembe begani. Sasa nikiwa mtu mzima naona kwamba kupona katika kaulimbiu ile kulisimama kando ya kufa, kama mashindano, na kupumzika hakukutajwa mahali popote. Nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda JKT, kambi ya Mafinga. Baridi ya Mafinga alfajiri haina haja ya kuelezwa kwa aliyeionja. Tulikimbia mchakamchaka tukiimba, wasichana kwa wavulana, na pumziko tulilolijua gwarideni lilikuwa mguu pande. Kutoka hapo niliingia chuo cha ualimu, Iringa, halafu madarasani, ambako nilijifunza kusahihisha madaftari ya mikondo minne huku nimesimama ili nisisinzie. Silaani malezi hayo. Yalinipa kifua na nidhamu. Lakini uchovu ulikuwa kitu unachokwenda nacho chumbani ukafunga mlango, na nadhani kaka yangu na mimi tulimrithisha binti desturi hiyo pamoja na ukoo.

Baada ya kustaafu nilijiunga na akina mama wa hapa Mbeya tunaocheza ngoma za Kinyakyusa. Tuna miaka 60 na zaidi, wengine tuna magoti yanayotoa sauti. Jumamosi tunacheza saa mbili. Jumapili ninaamka mzima na kujisifu. Jumatatu siwezi kuchuchumaa.

Siku hizo mbili za kuchelewa zina maelezo, na niliyatafuta kwa ajili ya binti kama kwa ajili yangu. Mmarekani Theodore Hough aliyaandika maumivu haya mwaka 1902. Hayaji wakati wa kazi. Huanza saa kadhaa baadaye, na hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Wengi tulifundishwa, nami niliwahi kuwasikia walimu wa michezo wakisema, kwamba ni asidi iliyoganda misulini. Sivyo, kemikali hiyo huondoka ndani ya muda mfupi baada ya mazoezi, maumivu yakiwa hayajaanza hata kidogo. Kinachouma ni nyuzi za misuli zilizochanika kwa namna ndogo sana, na uvimbe wa mwili unapozikarabati. Na zinazochanika zaidi ni za kushuka. Msuli unaorefuka huku ukizuia uzito huumia kuliko unaokwea. Kila mwalimu aliyewahi kupeleka wanafunzi Ziwa Ngozi analijua hili bila kitabu: kupanda wanahema, kushuka wanacheka, na kesho kutwa bweni zima linashuka ngazi kinyumenyume kwa kushikilia ukuta. Vivyo hivyo mlingotini. Binti hakuumizwa na kukwea, bali na kule kujiteremsha taratibu kwa madaha, ambako watazamaji hudhani ndiko kupumzika.

Nilimuuliza pia swali ambalo lilimwonea haya: je, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi? Maana msuli ukivunjika kupita kiasi, taka zake hupita kwenye figo, na hiyo si habari ya kukandwa tena, ni habari ya hospitali siku hiyohiyo. Akasema hapana. Nikamwambia basi mkono ule usiosalimu amri kwa usingizi wa siku tatu ukaonwe na mtaalamu. Alikwenda. Aliambiwa akae wiki sita bila kushika chuma, na hapo ndipo alipolia, si kwa maumivu.

Sikumwambia asilie. Nilimwambia habari za kukanda. Mama aliyejifungua kwetu hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa, hubebewa mtoto, na hahesabiwi kuwa mvivu. Hakuna anayemuuliza kama uchungu wake ulikuwa wa lazima. Hilo ni shule nzima ya kupoa, nayo tuliifunga ndani ya uzazi kana kwamba mwili mwingine haustahili. Nilimwambia ale: maharage, mayai, maziwa, viazi, chochote kinachojenga. Atembee kidogo kila siku, kwa sababu msuli uliolazwa kabisa hukakamaa. Na alale. Juu ya kulala sikumwachia nafasi ya kujadili.

Wasomaji mlio washairi mtanisamehe nikichepuka hapa. Mshororo wa mizani 16 tunaukata katikati, nane kwa nane, na hakuna anayesema kwamba ukwapi umekuwa mvivu kwa kusubiri utao. Ubeti wenyewe unaishia kwenye kituo, na kituo kimetokana na kutua, kama mtu anavyotua mzigo. Tulia ni jamaa yake. Pumzika nayo ni pumua iliyoongezwa viambishi. Tumejaaliwa msamiati huu wote, na bado mwanafunzi akiandika insha juu ya bidii tunampa alama za juu, akiandika juu ya pumziko tunamuuliza ana nini nyumbani.

Kaka yangu nilimwendea mwenyewe, Tukuyu. Jambo kama hili halisemwi kwa simu. Hakutaka kusikia neno mlingoti. Nikamkumbusha kwamba ngoma kwetu haikuwa ya starehe peke yake. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Unyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika jinsi wanaume walivyocheza mazikoni, mikuki mkononi, kwa nguvu na jasho, wanawake wakiomboleza. Babu zetu walikuwa miongoni mwa wachezaji wa zama hizo. Kaka akasema mazishi ni mazishi na klabu ni klabu. Hapo alikuwa na haki yake, wala sikuendelea kubishana. Sikumwendea ili aipende dansi. Nilimweleza habari za kikombe. Nilimweleza saa nne za usingizi, na wazee wanaonyanyuliwa, na jinsi binti alivyoogopa kuulizwa amechoshwa na nini. Alinyamaza muda mrefu, akichezea ufunguo wa pikipiki.

Nilipokuwa nafundisha Iringa nilizoea kuamkiwa kwa kamwene ya Wahehe, salamu nzuri, yenye uchangamfu. Lakini kila niliporudi Rungwe nilihisi nimefika niliposikia ugonile. Wageni hufundishwa kwamba ni habari za asubuhi. Kwa hakika ni swali juu ya usingizi, kutoka katika kugona, kulala: je, umelala? Watu waliochagua kuanza siku kwa swali hilo walijua jambo kuhusu mwili ambalo agizo la kufa na kupona halikulijua.

Wiki sita za binti zimeisha mwezi uliopita. Amerudi mlingotini kwa jioni mbili, si tano, na mashindano ameyasogeza hadi mwakani. Mkono unashika kikombe, ingawa ukilowa baridi bado unamkumbusha. Baba yake hajampa pole ya mlingoti, na simtarajii kuitoa. Ila binti ananiambia kwamba kila asubuhi, kabla hajatoka kitandani, simu yake hulia kwa ujumbe wa neno moja kutoka Tukuyu: Ugonile?