Pikipiki Isiyovuta na Amri ya Nane

Katika mji wetu wa Bunia pikipiki ni miguu ya watu wote. Yabeba mgonjwa kwenda hospitali, mama aliyeshikwa na uchungu, gunia la mihogo, na Padri apelekaye Ekaristi vijijini. Kijana asiye na shamba hupata chakula cha watoto wake juu ya kiti chake. Kwa hiyo pikipiki ikilegea, si chuma tu kinachougua, nyumba nzima yaugua. Na mara nyingi ugonjwa wa chuma huzaa ugonjwa mwingine ulio mbaya zaidi, ndio watu kushukiana. Habari hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza.

Ugonjwa wenyewe twaujua sote. Dereva azungusha mkono wa gazi, na injini badala ya kuitika mara moja yazubaa, yakohoa, kisha yaamka imechelewa. Mlimani haivuti. Esansi yaisha upesi. Mwenye pikipiki ahesabu fedha zake, amtazama dereva, na moyoni asema: “Huyu anauza esansi yangu.”

Yafaa kwanza tujue chakula cha injini. Injini haili esansi peke yake. Yala esansi na hewa pamoja, na hewa ndiyo nyingi: kilo 1 ya esansi yahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Mpishi wa chakula hicho ni kabureta. Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kunyunyiza esansi mwaka 1893, na zile zilizomo katika pikipiki zetu nyingi zafuata kanuni ileile: hewa yapita mahali pembamba kwa kasi, nayo yavuta esansi kutoka bakuli dogo lililo chini. Esansi ikizidi, moshi huwa mweusi, plagi hupakaa masizi, na injini huzubaa. Hewa ikizidi, injini hupata moto mno, plagi huwa nyeupe, na nguvu hukatika mara dereva azungushapo mkono. Plagi yenye rangi ya kahawia yatuambia kwamba chakula ni cha kiasi.

Tena tukumbuke mahali tunapokaa. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 toka usawa wa bahari, hali ziwa la Albert liko kama mita 620 tu. Hewa ya juu ni nyepesi. Hapa mjini injini yapata hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ingepata pwani, lakini kabureta yaendelea kutoa esansi karibu ileile. Basi mtu apandaye kutoka Kasenyi hadi Bunia asistaajabu akiona nguvu zapungua kidogo. Huo si ugonjwa, ni mlima. Lakini nguvu zikipungua sana, na hata katika njia tambarare, hapo kuna jambo la kutafuta.

Sasa tuwasimulie habari tuliyoishuhudia. Kigango kimoja kilikuwa na pikipiki ya kazi ya dini, na kijana mmoja ndiye dereva wake. Esansi iliyokuwa ikitosha juma zima ikawa haifiki siku ya nne. Wazee wa kamati wakakaa. Mmoja alisema amemwona kijana akisimama kwa wale wauza esansi wa kando ya barabara, wale watu wanaowaita makadafi. Mwingine akaongeza kwamba mke wa kijana amevaa kitenge kipya. Kufika jioni, neno “mwizi” lilikuwa limekwisha zunguka kijiji. Kijana alisema maneno machache tu: “Baba zangu, pikipiki haivuti.” Hakuna aliyemsikia. Sisi makatekista wawili tuliombwa tuende kushuhudia funguo zikirudishwa. Tukawaomba wazee watupe siku moja, na fundi mmoja.

Fundi yule hakufungua kitu upesi. Alianza kwa kuuliza, kama mganga anavyomwuliza mgonjwa: pikipiki yazubaa wapi? Mkono ukiwa karibu umefungwa, ukiwa katikati, au ukifunguliwa wote? Maana kabureta ina tundu dogo la mwendo wa polepole, ina sindano ya mwendo wa katikati, na tundu kubwa la mwendo wa nguvu. Mahali inapozubaa paonyesha mahali pa kutazama. Kijana akajibu: “Pote, Baba, lakini zaidi polepole, tena injini ikiisha kupata moto.”

Kisha fundi akafuata utaratibu, kutoka jambo lisilo na gharama hadi lenye gharama. Alitia esansi kidogo katika chupa nyeupe akaiacha itulie, maana maji ni mazito kuliko esansi nayo hukaa chini. Maji hayakuwamo. Akadondosha tone juu ya karatasi: esansi safi hukauka upesi, bali iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa. Doa halikubaki. Akafungua kifuniko cha tangi kutazama kama kitundu chake cha hewa kimezibwa. Kilikuwa wazi. Akatazama waya wa gazi usiwe umelegea mno. Akapanda mlima kidogo asikilize klachi, kwa sababu injini ikilia sana na gurudumu lisiongeze mwendo, kosa ni la klachi, si la esansi. Klachi ilikuwa nzima. Akatoa chujio la hewa. Lilikuwa na vumbi letu jekundu la wakati wa kiangazi, akalisafisha, lakini hali ikabadilika kidogo tu. Akatoa plagi: nyeusi kama chungu cha jikoni.

Ndipo alipofanya jambo dogo lililotufunza sana. Injini ikiwa na moto, alivuta choki. Choki huongeza esansi kwa ajili ya kuwasha asubuhi ya baridi. Kwa hiyo injini yenye moto ikivutiwa choki, yapasa ibadilike: kama ilikosa esansi itapata nafuu, kama imeshiba itazidi kuzubaa. Pikipiki ile haikubadilika hata kidogo. Akavuta, akarudisha, akavuta: sauti ni ileile. Fundi akacheka, akasema: “Mlango huu hauna kazi, maana umekwisha kuwa wazi siku zote.” Kumbe! Waya wa choki ulikuwa umeota kutu ndani ya ala yake, na kizibo chake hakikurudi chini. Kwa majuma mengi pikipiki ilikuwa ikinywa esansi ya asubuhi kutwa nzima. Waya mpya, plagi mpya, kazi ikaisha kabla ya saa sita. Juma lililofuata esansi ilitosha kama zamani.

Fundi hakubadilisha kabureta nzima, ingawa duka liko karibu. Wala hakugusa mambo mawili kwa mara moja. “Ukigusa mawili,” alisema, “pikipiki itapona nawe hutajua dawa ilikuwa ipi.” Kanuni hiyo yafaa hata kwa pikipiki kubwa za mbio ambazo vijana wetu huzitamani. Honda CB750 iliyotokea mwaka 1969 ilikuwa na silinda nne na kabureta nne, na zote nne zapaswa kufunguka sawasawa, kama sauti nne za kwaya. Moja ikichelewa, pikipiki nzima yasitasita, na anayezifungua ovyo huziharibu zaidi. Nazo zile mpya zisizo na kabureta, zenye kompyuta ya kupima esansi, bado zahitaji chujio safi, esansi safi, na fundi mwenye subira.

Wasomaji wapendwa, twawafundisha watoto wetu kwamba amri ya saba yakataza kuiba. Wazee wa kigango kile waliishika sana amri ya saba, nao walifanya vema kulinda mali ya Kanisa. Lakini baada ya ya saba yaja ya nane, ikatazayo kumshuhudia jirani uongo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, yaweka chini ya amri hiyo ya nane hata hukumu ya haraka, yaani kusadiki kosa la mwenzetu bila msingi wa kutosha. Tena yafundisha kwamba aliyeharibu jina la mtu ana wajibu wa kulitengeneza, kama vile mwizi alivyo na wajibu wa kurudisha kitu.

Katika nchi yetu ya Ituri, iliyoona vita na damu, twajua sana neno moja la shaka laweza kufika wapi. Halianzi na panga. Huanza na mtu kusema “nimemwona akisimama”, na mwingine kuongeza habari ya kitenge.

Heri yao wale wazee, walikuwa na moyo wa haki. Jumapili, baada ya Ibada, mkubwa wao alisimama mbele ya watu wote, akataja jina la kijana, akasema hakuiba kitu. Hakusema kwa kunong’ona, kwa sababu shaka nayo haikubaki katika mnong’ono. Mama wa kijana alilia. Waya wa choki ulikuwa rahisi kuununua. Jina la mtu haliuzwi dukani.

Basi, pikipiki yako ikikataa kuvuta, uliza kwanza inazubaa wapi. Tazama esansi, tazama chujio, tazama plagi, jaribu choki. Msikilize dereva, maana ndiye anayekaa juu yake kutwa. Na kama baada ya hayo yote kosa la mtu laonekana kweli, mwendee yeye mwenyewe, mkiwa wawili tu, kabla ya kijiji kujua.