Tarehe tatu kwenye kalenda ya nyumba moja Zombo

Saa moja kasoro robo asubuhi, Mei 21, mtangazaji wa redio alianza kusoma matukio ya siku hiyo katika historia. Ndani ya nyumba moja ya Zombo, wilayani Kilosa, mvulana wa darasa la tano alikuwa anafunga kamba za viatu huku akisikiliza. Mtangazaji alipofika mwaka 1996 na kutaja jina la MV Bukoba, mama wa mtoto alinyoosha mkono akaizima redio.

"Mama, mbona kila mwaka unazima hapohapo?" mtoto aliuliza.

Mama alimwambia awahi shule. Babu yake, aliyekuwa ameketi mlangoni na kikombe cha chai, hakusema kitu.

Jibu lilikuwa ukutani. Pale imetundikwa kalenda waliyopewa na duka la pembejeo, na kila Januari inapobadilishwa, tarehe mbili huzungushiwa kalamu nyekundu. Mei 21 huzungushiwa na mama, Julai 25 na babu. Hakuna aliyewahi kuwaeleza watoto kwa nini. Mwaka huu ilikuwa imeongezeka ya tatu, Septemba 20. Mama aliizungushia wiki moja kabla, jioni ileile binti yake mkubwa alipoleta habari ambayo nyumba nyingine wangeipigia vigelegele.

Binti huyo ni muuguzi. Baada ya kuhitimu alikaa nyumbani karibu miaka miwili akisubiri ajira, akisaidia shambani kwenye mahindi na ufuta. Hatimaye barua ya kupangiwa kituo ilitoka. Kituo chenyewe kipo kisiwa cha Ukara, wilaya ya Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria.

"Huko hufiki bila kupanda maji," mama alisema, akairudisha barua kwenye bahasha. Kwa siku kadhaa hakuitaja tena.

Tarehe na watu wake

Wazazi wengi wa Tanzania wa umri wake wanakumbuka walikuwa wapi siku ile. MV Bukoba iliondoka Bukoba jioni ya Mei 20, 1996, ikapitia Kemondo, ikazama asubuhi ya Jumanne, Mei 21, ikiwa imekaribia Mwanza. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800, na Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza.

Mama huyu wakati huo alikuwa binti anayesomea ualimu. Rafiki yake wa bwenini, waliyelala kitanda kimoja cha ghorofa, mmoja juu na mwingine chini, alikuwa mtu wa Kagera. Alikwenda kwao msibani, na alikuwa anarudi chuoni kwa meli ile. Tiketi yake ilikuwa ya daraja la tatu.

Orodha ya meli ilikuwa na majina 443, ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndugu wa yule binti waliposafiri kwenda Mwanza kumtafuta, hapakuwa na karatasi ya kuwaambia kama alipanda au hakupanda. Kwa wiki kadhaa chuoni waliendelea kusema huenda alichelewa bandarini, huenda alishuka Kemondo. Kitanda chake kilibaki kimetandikwa mpaka mwisho wa muhula.

Hayo yote binti yake hakuwa akiyajua. Alichojua ni kwamba mama hapendi habari za meli.

Septemba 20 aliijua, maana alikuwa kidato cha nne. Siku hiyo mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Bwisya, Ukara. Kilikuwa kimebakiza hatua chache kufika gati. Kilikuwa na kibali cha kubeba watu 101, lakini siku hiyo kilibeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Waliopoteza maisha ni zaidi ya 220, na walionusurika walikuwa 41. Njia hiyo ndiyo atakayopita kwenda kazini.

Babu azungumza

Jioni ya Mei 21 binti aliamua kuuliza wazi. Wote walikuwa uani, ugali umeshaliwa.

"Mama, kama hutaki niende, niambie. Lakini nikikataa hiki kituo, sijui nitapata kingine lini."

Mama alianza kukusanya vyombo. Ndipo babu alipokohoa.

"Mwanangu, kaa kwanza," alimwambia mama, ambaye ni binti yake wa kwanza. "Viache hivyo vyombo."

Babu ni mmoja wa vijana wa mgambo walioitwa kwenda vitani. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa kwa maneno yanayokumbukwa hadi leo: sababu, nia na uwezo. Vijana walichukuliwa kutoka mikoa yote, Morogoro ikiwemo. Aprili 11, 1979, Kampala ilikuwa imeanguka. Babu alirudi Zombo akiwa mzima wa viungo, akalima, na kwa zaidi ya miaka 40 hakuisimulia vita hiyo. Familia ilijua tu kwamba hapendi mtu amguse akiwa usingizini, na kwamba milio ya fataki za harusi humtoa jasho.

Jioni hiyo hakusimulia mapigano. Alisimulia jambo dogo, namna walivyokuwa wakihesabiwa.

"Asubuhi tunapangwa mstari, majina yanaitwa. Jioni yanaitwa tena. Ukisikia lako unaitika. Mwanzoni tuliona ni usumbufu. Baadaye nikaelewa. Jina lisipoitikiwa, wenzako wanaanza kukutafuta usiku uleule. Hawasubiri kesho."

Alitaja majina manne. Mama hakuwahi kuyasikia hata moja. Walikuwa vijana aliopanda nao lori siku moja kutoka Kilosa. Wawili hawakurudi.

"Julai 25 wengine wanaangalia gwaride. Mimi nawaita hawa wanne, polepole, moyoni. Ndiyo maana naizungushia."

Kisha akamgeukia binti yake. "Wewe rafiki yako alipotea na hakuna aliyekuwa na jina lake. Nalijua hilo donda. Lakini usimfungie mtoto ndani kwa sababu yake. Mwambie ahakikishe jina lake limeandikwa kabla hajapanda."

Mama alilia. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamsimulia binti yake habari za kitanda kilichobaki kimetandikwa.

Wasiokuwa na tarehe

Mazungumzo ya jioni ile yana maana zaidi ya familia moja, hasa kwa watu wa Kilosa. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliichukua Kilosa huku Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea kusini. Pande zote mbili zilitegemea wapagazi, wanaume waliobeba chakula na risasi kichwani kwa mamia ya kilomita. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927 iliwekwa kuwakumbuka askari Waafrika na wapagazi wa vita hiyo. Majina yao hayapo pale. Leo ni familia chache zinazoweza kusema babu wa babu yetu alifia mahali fulani, siku fulani.

Kumbukumbu ya Mashujaa ya kila Julai 25, ambapo Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, inajaribu kuziba pengo hilo kwa taifa zima. Lakini nyumbani kuna kazi ambayo taifa haliwezi kumfanyia mtu. Wakati wazee waliopigana Kagera bado wapo, kuna mtu anapaswa kukaa nao na kuandika majina wanayoyakumbuka.

Mzee kama huyu asilazimishwe kusimulia. Anayeshtuka usingizini, anayekwepa makundi ya watu au kukasirika ghafla kila inapofika tarehe fulani, anaweza kuwa bado anaumizwa na aliyoyaona. Si ukorofi wala si uzee tu. Wahudumu wa afya wanaweza kumsaidia, hata kama miaka mingi imepita. Swali la upole lililoulizwa wakati mmekaa pamoja lina nafasi nzuri zaidi kuliko maswali kumi mbele ya wageni.

Na kwa watoto, kuzima redio hakuondoi habari. Mtoto ataisikia shuleni au ataiona kwenye simu, tena bila mtu wa kumweleza. Wa darasa la tano anaweza kuambiwa kwa sentensi chache: meli ilizama, watu wengi walikufa, mama alimpoteza rafiki, ndiyo maana siku hii inamuumiza. Kisha aachwe aulize. Anachohitaji ni kujua kwamba huzuni anayoiona usoni mwa mama haikusababishwa na yeye.

Kabla ya kupanda

Katika siku zilizobaki, mama na binti waliandika orodha yao wenyewe nyuma ya daftari. Inafaa kwa kila mzazi anayesafiri au kusafirisha mtoto kwa maji, iwe ziwani au baharini kwenda Unguja na Pemba, ambako nako Septemba 10, 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa imejaza watu kupita kiasi.

Tiketi iwe na jina la anayesafiri, siyo jina la mtu mwingine. Mtoto mchanga naye aandikwe, hata kama halipiwi.

Ukiingia, jambo la kwanza ni kujua majaketi ya kuokolea yapo wapi, na kama lipo linalomtosha mtoto. La mtu mzima humchomoka mdogo akiwa majini.

Chombo kikijaa hadi watu wanakosa pa kusimama, shuka. Nauli iliyopotea italipika. Mzigo mzito uliorundikwa upande mmoja nao ni sababu ya kushuka.

Chombo kinapokaribia gati, usikimbilie upande wa kutokea. Watu wengi wakihamia upande mmoja kwa pamoja, chombo kilichozidiwa kinaweza kupinduka hata maji yakiwa yametulia.

Na kabla ya kuondoka, mtu mmoja wa nyumbani ajue jina la chombo, saa ya kuondoka na saa ya kutarajiwa kufika.

"Hili la mwisho ndilo langu," mama alisema, akalipigia mstari.

Safari

Binti aliondoka alfajiri mwanzoni mwa Juni. Kutoka Zombo alipanda basi dogo hadi Kilosa mjini, akachukua treni ya SGR hadi Dodoma, kisha basi hadi Mwanza. Babu alimsindikiza hadi barabarani.

"Mke wangu, ukiolewa huko Ukara nitakudai mahari yangu," alimtania, kama babu wanavyowatania wajukuu. Binti alicheka, akampigia magoti kumuaga.

Siku mbili baadaye, kabla ya saa nne asubuhi, ujumbe wa kwanza uliingia kwenye simu ya mama. Ulikuwa na jina la chombo na saa ya kuondoka. "Nimeandikwa. Majaketi nimeyaona. Hatujajaa."

Mama alikuwa darasani. Aliwapa watoto zoezi, akatoka nje na kukaa kwenye ngazi akiwa ameshika simu. Mwalimu mwenzake alipita, akaona uso wake, akakaa pembeni bila kuuliza. Muda ulikwenda. Kengele ya mapumziko ililia, watoto wakatoka mbio, naye bado ameketi pale.

Kisha simu ikatetemeka. "Tumefika, mama."

Julai 25 redio haikuzimwa. Mtangazaji alielezea gwaride, mzinga ukalia, na babu akatikisika kidogo kwenye kiti. Mama alimshika bega. Ilipofika zamu ya kukaa kimya, mvulana wa darasa la tano alifungua daftari jipya na kumsogelea babu yake.

"Babu, lile jina la kwanza linaandikwaje?"

Mzee alilitaja taratibu, silabi kwa silabi, mtoto akiandika.